Gundi ya Ndani

...na mkasi nao, sijui nani aliuweka karibu hivyo na mkono wangu, mimi nilikaa kunywa chai tu, pochi ilikuwa palepale alipoiacha binti yangu, juu ya gazeti, pochi ya kuunda mwenyewe kwa tepu ya kijivu, ile nene ya mafundi bomba, ameibandika ukanda juu ya ukanda kama mabati ya banda, ukingo mmoja umepanda, mwingine umeshuka, nikasema nitanyoosha huu mmoja tu, na yeye yuko bafuni, maji yanamwagika, "Mama, usiiguse, eee!" alisema akiingia, nikamjibu "Sawa, bosi," na nilimaanisha, wallahi nilimaanisha, ila ukingo ukishanyooka huwashtaki wenzake, nikakata wa pili, nikakata wa tatu, na ndani ya mfuko nikakuta ukanda umegeuzwa, gundi juu, unanata, kosa la wazi, kasahau kuufunika, nikauchomoa kwa ukucha, taratibu, ukatoka na nusu ya mfuko, krrrr, na sasa umejikunja, umejishika wenyewe kwa wenyewe, ukiuvuta huku unanasa kule, tepu hii haijui kusamehe... tulia, mama, tulia, kazini kwetu ofisi ya vipimo hili lingeitwa marekebisho madogo, tuna rula ya kupimia rula, rula hiyo ina cheti, cheti kina muhuri, muhuri una kabati, na ufunguo wa kabati anao bwana mmoja aliyeko likizo, na katika yote hayo mimi ndiye ninayeaminika kwa jicho, nikisema kitu kimepinda kimepinda, kinarudishwa kwa mwenyewe, hakikidhi kipimo, anayefuata... lakini pale hakuna anayenitengenezea kitu, na hiki hata si changu, ni cha baba yake, anakuja kumchukua mchana huu, ndiyo siku yake, atasimama mlangoni kama mgeni na kuuliza kama viatu avue au asivue, katika nyumba aliyoipaka rangi mwenyewe, na mimi nikarudia kuipaka... "Wewe hata mwezi mwandamo ukiuona utauliza kipande kingine kiko wapi, na nani ameidhinisha kikatwe," baba yake aliniambia, nikacheka, nilidhani tunataniana, kumbe sanduku lake lilikuwa tayari nje... haya, hakuna kilichoharibika, tepu ipo, nitakata mfuko mwingine, niupinde kama alivyoupinda yeye, nani atajua, huu hapa, kata, pinda... hapana, mkono umepinda kwa kipimo, kulia sawasawa na kushoto, mtoto gani anapinda hivi, fumba jicho moja, kata tena, bado, mtu mzima na kazi yake ya serikali anaketi jikoni kughushi kingo za mtoto na anashindwa, "Mama!" abee, "Unajua ile gundi ya ndani?" gundi, "Gundi gani?" nasema, mkono nimeuficha chini ya meza, naye, "Ile ya ndani ya mfuko! Nimeigeuza makusudi! Si unajua baba anavyoangusha kadi yake ya basi? Sasa akiitia inashika, haidondoki hata akiruka! Nina akili, sina?" na maji, na mimi na ule ukanda uliojikunja umening'inia kidoleni, "Unayo," nasema, "Usimwambie lakini, ni siri ya kiwanda!"... makusudi, makusudi kabisa, ile kadi tumegombana juu yake miaka, mimi nilimbandikia karatasi mlangoni, KADI, herufi kubwa, na chini yake mstari, nilioupiga kwa rula, na huyu hakumwambia kitu, amemgeuzia gundi tu... na tangu lini haniletei michoro yake, zamani alikuja nayo mbio, rangi haijakauka, inanipaka mikono, naye anasubiri uso wangu, nami nasema nzuri sana mwanangu, ila huyu ng'ombe, miguu yake... kisha akaacha, nikawaambia wenzangu kazini watoto wanakua haraka jamani, wakanihurumia, wakasema ndivyo walivyo, hakukua, alichoka, baba yake naye alichoka hivyohivyo, kimyakimya, kuanzia mikononi... na tazama, kipande hiki cha mwisho kimetoka, kimepinda ovyo, nilikuwa simo, mawazo mbali, gundi nikiigeuza hivi ni ileile, kinapita, mimi mwenyewe ningekipitisha, atatoka, atamkabidhi baba yake pochi, baba atatia kadi, itashika, atambeba juu, na yeye atacheka kwa akili ya mkono wangu, na maisha yote nitakuwa nimekaa hapo katikati yao, ndani ya mfuko... hapana, kiweke chini, kiache, mfuko uliochanika uwe hapa juu, aone, "Mama, bado upo?" niseme nini, nilitaka tu kukusaidia, hapana, nilidhani umesahau, hapana, maneno hayo yana mapengo ya kutorokea kila upande, nimeiharibu, basi, pochi yako nimeiharibu mimi, "Nipo," nasema, "nakungoja," maji bado hayajafungwa, atatoka na taulo kichwani, nitamwambia kabla hajaiona, kisha nifunge mdomo, nimwache akasirike mpaka amalize, apige kelele, aseme maneno yasiyofuatana, na mimi nisimsahihishe hata hasira yake.