Simu Zisizojibiwa

Nyumbani waliniita Mama Presha, na mume wangu ndiye aliyelianzisha jina hilo. Nilikuwa nashona sare za shule huku moyo ukinienda mbio bila sababu: mtoto kachelewa, pasi haikuzimwa, gari la mikate analoliendesha mume wangu limepinduka. Basi nampigia. Akisema yuko salama, napumua. Nikimaliza kola moja, nampigia tena.

Mshauri wa hospitali hakunicheka. Alisema huu ni ugonjwa na una tiba: kuna dawa za kumeza kila siku, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kuna mazungumzo naye, na wengine huhitaji vyote viwili. Mimi nilipewa vyote viwili. Kisha akamgeukia mume wangu, akamweleza kuwa kila anapojibu simu ili kunituliza, anaulisha wasiwasi wangu. Ajibu ile ya mchana tu, nyingine aziache ziite, nami nijifunze kuvumilia mpaka hofu ishuke yenyewe.

Mtu huyu hajawahi kufuata agizo la daktari, hata la kupunguza chumvi. Hili alilishika kama dini. Baada ya muda hata ile ya mchana hakuijibu, na nikilalamika ananiambia kwa upole, "Ndiyo tiba hiyo, mama watoto. Vumilia."

Nikavumilia. Nililia juu ya cherehani, nikapumua nilivyofundishwa, nikameza dawa zangu. Na kweli, taratibu moyo ukatulia. Nikamshukuru mume wangu mbele ya mshauri, tena kwa machozi. Shukrani ile sasa inanichoma.

Jana bosi wa mume wangu alipita kuchukua sare za mwanawe. Alinitazama kwa huruma, akauliza kama sasa naweza kusimama mwenyewe, maana mume wangu yuko likizo tangu mwezi uliopita, aliomba ruhusa ya kuniuguza. Nilimjibu naendelea vizuri, nikamfungia sare zake.

Na kila asubuhi mume wangu alikuwa akitoka na shati la kazi nililolipiga pasi mimi.

Sikumpigia. Niliisubiri hofu, haikuja. Ilikuja hasira. Jioni aliingia akicheka, akauliza mbona leo kimya, hata simu moja.

"Nimepona," nilimwambia. "Sasa kaa kitako, unijibu."