Pipa Lililosuguliwa

Jua halijapasha mawe, mwanafunzi alikuwa ameshapanda nusu ya mteremko, mizani begani. Jana alasiri mvua ilinyesha. Mvua, jamani! Miezi saba alikuwa akikodolea macho mbingu kavu, halafu ikashuka siku ambayo yeye amekwama mjini, anasubiri kibali kigongwe muhuri. Lakini hakujali. Udongo uliosombwa ungekuwa umetuama ndani ya pipa, chini ya matuta ya mawe ya mradi wa kuzuia mmomonyoko, ukimngoja aupime. Kipimo kimoja tu ndicho kilichobaki ili ajue kama matuta yale yanazuia kitu. Kikikosekana, hakuna shahada; chuo kilishasema mwisho ni Ijumaa, na hakiongezi hata siku.

Alipofika, pipa lilikuwa linang'aa. Akachungulia ndani. Hata punje.

"Karibu, mwanangu!" Mama mwenye shamba alitokea na ufagio, uso umemchanua. "Umeona? Tangu alfajiri nasugua. Lilijaa tope hadi ukingoni, aibu tupu!"

"Mama, tope umelipeleka wapi?"

"Nimelimwaga korongoni. Ofisa wa mradi alipita jana jioni, akasema wageni wa wilayani wanakuja. Asiyesafisha anafutwa kwenye orodha ya wanaopewa mbegu. Nami nikasema, wewe binti yangu huumbuki mbele za watu."

Mwanafunzi alikaa chini, pu. Alitaka kupiga yowe, lakini vidole vya yule mama vilikuwa vimechubuka kwa mchanga, akaishia kuvitazama.

"Nimeharibu?" mama aliuliza, sasa kwa hofu. "Nikuchotee mwingine? Udongo si upo tele?"

Kabla hajajibiwa, gari likafika. Ofisa alishuka kwanza, shati limepigwa pasi likasimama lenyewe. Mwanafunzi akamvuta pembeni.

"Umeniua, bosi. Lile tope ndilo lilikuwa kazi yangu. Pipa lilijaa! Matuta yako hayazuii kitu."

"Shusha sauti. Unataka huyu mama akose mbegu kwa ajili ya tope?"

Wageni walikuwa wamelizunguka pipa. Mkubwa wao akainama. "Mvua ya jana imechukua udongo kiasi gani?"

"Hata chembe, mheshimiwa," ofisa alisema. "Jionee mwenyewe."

"Ajabu! Basi matuta haya tutayajenga wilaya nzima." Akamgeukia mwanafunzi. "Wewe ndiye mpimaji? Ni kweli?"

Mwanafunzi alifumbua mdomo. Nyuma ya mgeni, mama alikuwa ameficha ufagio mgongoni, anamtazama yeye tu.

"Kweli," akasema.

Ofisa akampa kalamu na fomu. Kwenye safu ya udongo uliopotea mwanafunzi akaandika sifuri, akatia sahihi. Wageni wakapiga makofi, na mama mwenye shamba akapiga ya kwake kuwazidi wote.