Zuhura na Mpira wa Mwalimu

Mgongo wa Zuhura ulianza kumsumbua baada ya Idi, alipokuwa ameshona magauni ya karibu mtaa mzima wa Chuno. Maumivu yalianzia kiunoni yakapanda hadi mabegani, na asubuhi hakuweza kusimama bila kushika ukuta. Hospitalini walimwambia hana ugonjwa wa kutisha, ni kule kukaa amejikunja kwenye kigoda tangu asubuhi hadi jioni. Akae wima, anyooke mara kwa mara, asinyanyue vizito.

Kukaa wima kulimshinda. Macho yakishafuata sindano, mgongo nao hufuata macho.

Ndipo Mwalimu Neema akamletea mpira. Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Moshi aliyeletwa Mtwara na kazi ya serikali. Mpira wenyewe ulikuwa wa zambarau, mkubwa hata ukapita mlangoni kwa kusukumwa.

"Dada Zuhura, kalia huu badala ya kigoda. Mimi ulinifaa sana nilipokuwa na mimba ya Innocent. Mwili unajiweka sawa wenyewe, maana ukijikunja unaanguka."

"Na nikianguka?"

"Utajua kwamba hukukaa sawa."

Jibu hilo halikumwingia akilini, lakini Mwalimu ni Mwalimu. Akakubali.

Siku ya kwanza alikanyaga pedali ya cherehani, mpira ukarudi nyuma, na mkono wa gauni la watu ukashonwa pamoja na pindo. Alicheka peke yake, kisha akafumua. Baada ya siku kadhaa alizoea. Mgongo ulitulia kidogo, ila sasa misuli ya tumbo ndiyo iliyouma, naye akawa hajui kama anapona au anaugua upya. Mara kwa mara aliacha kushona, akajishika tumbo.

Rafiki yake Halima alimkuta hivyo hivyo, alipopita kuchukua blauzi yake. Alisimama barazani akautazama mpira, kisha akautazama ule mkono tumboni.

"Shoga, huu si ule mpira wa Mwalimu?"

"Ndio wenyewe. Nimeshauriwa."

"Mungu mkubwa!" Halima alijifunika mdomo kwa khanga.

"Mkubwa kweli," Zuhura alijibu, akiufikiria mgongo wake.

Halima alikuwa amemwona Mwalimu Neema juu ya mpira ule miezi yote ya mimba yake, na kwa Halima mpira ule haukuwa na kazi nyingine duniani. Aliondoka bila hata kuijaribu blauzi.

Tangu hapo Zuhura hakuuelewa mtaa wake. Wanawake walimnyang'anya ndoo bombani wakambebea hadi nyumbani. Mtu aliacha mabungo, yale matunda machachu, kwenye dirisha lake, mwingine akamletea udongo wa kula, umefungwa vizuri kwenye karatasi. Mzee Rajabu, muuza samaki ambaye hata salamu hutoa kwa kubembelezwa, alimsimamisha njiani akamwombea dua ndefu. Zuhura aliitikia amina, akaenda zake akijiuliza mgongo umeanza lini kupewa heshima kiasi hicho. Aliyala mabungo. Udongo hakujua aufanye nini, akauweka kabatini.

Kisha akaja Mohamedi.

Mumewe alikuwa na mashamba Kitaya, kando ya mto Ruvuma, na wakati wa mpunga kukomaa hakuwa mtu wa kuonekana mjini. Hata mazishini aliwahi kutuma mtu. Sasa alikuwa mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kuku wawili wamening'inia mkononi.

"Mume wangu! Viboko nani anawafukuza shambani?"

"Waache wale," alisema Mohamedi.

Zuhura aliogopa. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akiwapa viboko ruhusa. Mohamedi aliweka kuku chini, akaketi kwenye mkeka, akamtazama mkewe aliyekuwa anayumba taratibu juu ya mpira.

"Kumbe ndio huu. Zuhura, kwa nini nimesikia kwa watu? Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Nilidhani kitapita chenyewe. Sikutaka kukusumbua na kazi."

"Kitapita? Usiseme hivyo. Kimeanza lini?"

"Baada ya Idi."

Mohamedi alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Na hospitali wanasemaje?"

"Nisinyanyue vizito. Nikae wima."

"Unaumwa?"

"Asubuhi zaidi."

"Asubuhi, ndiyo," alisema kwa sauti ya mtu anayejua. "Hiyo ni kawaida. Dada yangu anasema tusitaje jina mapema, lakini mimi moyo umeshindwa. Akiwa wa kike, tumwite jina la mama yangu."

Zuhura aliacha kuyumba. "Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto gani, Mohamedi?"

Walitazamana. Nje mtu alipita akisukuma baiskeli, wakamsikiliza mpaka akatokomea. Mambo yalimjia Zuhura moja baada ya jingine: ndoo, mabungo, udongo, dua. Alianza kucheka, kisha akaacha.

"Ni mgongo," alisema. "Mohamedi, ni mgongo tu."

Zamani, walipokuwa bado vijana, mimba mbili ziliharibika, na baada ya hapo haikuja nyingine. Walikuwa wameacha kulizungumza jambo hilo, kila mmoja akiamini mwenzake amelisahau.

Lakini neno likishatamkwa ndani ya nyumba halitoki kirahisi. Zuhura alianza kujitilia shaka yeye mwenyewe. Siku zake zilikuwa hazijaja tangu mfungo wa Ramadhani, naye alidhani ni umri. Je, kama si umri? Mbona tumbo linauma? Mbona mabungo yale aliyala yote? Mchana kutwa alijiambia huu ni upuuzi, na mchana kutwa mkono ukarudi tumboni.

"Mohamedi," alisema mwishowe, "twende tukapime."

Katika zahanati muuguzi mmoja, Beatrice, alichukua mkojo, akasubiri, akawaita. Aliongea taratibu, kana kwamba ameshaona nyuso kama zile.

"Hakuna mimba, mama. Kwa umri wako siku huanza kuyumba. Ni mambo ya kawaida."

"Na mgongo?" aliuliza Mohamedi, kwa kuwa hakupata swali lingine.

"Mgongo aendelee kukaa wima."

Walirudi kwa miguu. Zuhura alikuwa na hasira, ila hakumpata wa kumkasirikia. Halima alifurahi kwa ajili yake. Mwalimu alitaka kumsaidia. Mohamedi aliacha mpunga wake. Hata kilio kilikuwa na utata: unamlilia vipi mtoto ambaye asubuhi ulikuwa unamkana?

"Njia nzima kutoka Kitaya nilikuwa na furaha," alisema Mohamedi. "Sasa sijui niipeleke wapi."

Zuhura alimshika mkono hapo hapo barabarani, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo.

Barazani walimkuta Halima na bakuli la uji wa pilipili manga. Zuhura alimweleza. Halima aliwatazama wote wawili, akautazama mpira uliokuwa umeegemea cherehani.

"Basi ule mkono tumboni ulikuwa wa nini?"

"Misuli."

"Misuli," alirudia Halima, asielewe. Machozi yakamtoka. "Shoga, nisamehe. Niliona kitu ambacho nilikuwa nakuombea kila siku."

Zuhura alimkalisha. Uji waliunywa watatu, maana ulikuwa umeshapikwa. Mohamedi alichinja kuku mmoja.

Keshokutwa yake Zuhura aliwatangazia wateja kwamba anamfuata mumewe shambani, hatashona mpaka mavuno yaishe. Alikuwa hajakanyaga Kitaya kwa misimu mingi. Huko kila mtu angemtazama tumboni, na angelazimika kueleza upya kwa wifi yake, kwa majirani, kwa kila aliyempa Mohamedi mkono wa heri.

"Una hakika unataka kwenda?" aliuliza Mohamedi.

"Sina," alisema Zuhura, akakunja khanga ya pili akaiweka kwenye begi.