Magodoro ya Kupigia Picha

Jumatatu mgombea wa upinzani, yule wanayemwita Radi, alipanda jukwaani sokoni akanguruma: "Miaka ishirini wanatawala, na wake zenu bado wanajifungulia sakafuni! Hii ni serikali au mama wa kambo?" Umati ukalipuka kwa shangwe.

Mkunga wa zahanati, aliyekuwa akichagua nyanya, hakushangilia. Yaliyosemwa yalikuwa kweli tupu. Sakafu hiyo magoti yake yaliijua miaka tisa.

Jumatano asubuhi lori la chama tawala likashusha pale zahanati magodoro sita mapya, yamefungwa nailoni. Nyuma yake alikuja mpiga picha pamoja na mwenyekiti wa chama ambaye, kwa mikosi ya ukoo, alikuwa shemeji yake mkunga.

"Tabasamu, shemeji! Leo tunamziba mdomo yule mropokaji."

"Ahsanteni. Ngoja nitandike."

"Wee! Nailoni isiguswe. Saa nane yanarudi dukani."

Mkunga akacheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Wajawazito wawili wenye uchungu wakatolewa nje wasiharibu picha, wakaegemea ukuta juani, wakiuma kanga. Picha ikapigwa, wakubwa wakaenda zao kuisambaza.

 Mkunga akatwaa mkasi, akazichana nailoni zote sita kama anayechuna mbuzi, akawaingiza wale wawili.

Saa nane mwenyekiti akarudi na dereva, akakuta mmoja keshajifungua, godoro limelowa.

"Nani kafungua? Shemeji, nimeyasainia mimi haya!"

"Na mimi nimelaza watu juu yake. Magodoro si ndiyo kazi yake?"

"Umetumwa na Radi wewe!"

"Radi hajawahi kukanyaga hapa hata kuomba maji. Lakini mkeo alijifungulia hapo chini ulipoweka kiatu, nimemshika mimi. Siku hiyo lori lako lilikuwa wapi?"

Dereva akainua pembe ya godoro, akaona damu, akaishusha taratibu. "Mzee, hili dukani hawapokei."

"Utafukuzwa kazi, shemeji! Leo hii hii naandika barua!"

"Andika. Ila andikia huko huko nje," mkunga akasema, akivaa glavu huku kamgeuzia mgongo, "maana huyu wa pili kichwa cha mtoto kinatokeza, na wewe umeniziba mwanga."