Sinia ya Kitambaa Chekundu

Mfinyanzi wa Nabeul aliniambia bila aibu kwamba tanuri lake limechoma vyungu vya babu zake na halitachoma tupu za wanawake wa Tunis. Nikamtukana kimoyomoyo, nikaamua tutumie unga. Unga, chumvi na maji, kisha nipeleke kwenye tanuri la mikate la mtaa, kama kila mtu apelekavyo biskuti za Idi.

Wanafunzi wangu wa darasa la wanawake la kujikubali walikuwa saba. Nilimtaka kila mmoja ajitazame huko chini kwa kioo nyumbani kwake, aje afinyange alichokiona bila kupunguza wala kuongeza. Sita walifinyanga huku wakicheka mpaka machozi. Wa saba, Saloua, mshonaji wa mashela ya harusi, alifinyanga akiwa ametupa mgongo. Mumewe wa zamani alimwambia ana kasoro, kwamba hakuna mwanamke aliyeumbwa vile. Akamwamini mjinga yule kwa miaka kumi na moja. Hata hamamu, bafu la wanawake wa mtaa, aliacha kwenda.

"Mwalimu, yangu isionwe na mtu," aliniambia. "Ikionwa, hapa hunioni tena."

Nikamwapia. Sinia nikaifunga kitambaa chekundu ili isipotee kati ya sinia za mtaa mzima, nikajiona mjanja. Kumbe Haja Mannoubia, bibi mmoja wa mtaani kwetu, naye hufunga kitambaa chekundu tangu sijazaliwa. Niliporudi darasani na kufunua, nilikuta biskuti za unga wa dengu, zimepangwa vizuri ajabu.

Kabla sijazifunika tena, mlango ukasukumwa. Aliingia Haja Mannoubia na sinia yetu, nyuma yake mdogo wake Hnia na jirani yao Bi Kmar, mjane.

"Nimeuma moja," Hnia alilalamika. "Chumvi imenitoa machozi!"

"Nyamaza wewe." Haja aliinua kipande kimoja juu. Kilikuwa cha Saloua. "Nani kati yenu ananichungulia hamamuni?"

Akakizungusha mbele ya darasa zima.

"Hii ni yangu! Naishi nayo miaka sabini na mbili, nisiijue?"

"Dada, acha uongo," Hnia alisema. "Tazama upande wa kushoto ulivyozidi. Yangu hiyo! Mimi ndiye niliyechunguliwa."

"Astaghfirullahi, mna wazimu nyie!" Bi Kmar akakinyakua. "Yangu hii. Marehemu angefufuka leo angeitambua."

Wakaanza kunyang'anyana. Mimi, mwalimu wa kujikubali, nilijibanza nyuma ya meza.

"Leteni kioo tumalize ubishi!" Haja alifoka, tayari anatafuta pa kutundika baibui lake.

Saloua akasimama. Nilidhani anakimbilia mlangoni, moyo ukaniuma. Lakini alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya wale vikongwe, akanyoosha mkono.

"Nipeni. Hiyo ni yangu."

Haja alimtazama juu mpaka chini. "Yako? Una hakika?"

"Nina hakika, Haja."

Bi Kmar alikitoa shingo upande. Haja akavuta sinia ya biskuti zake.

"Sasa wewe mbona hamamuni hatukuoni?"

Saloua alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Nitakuja," alisema. "Alhamisi nitakuja."

"Uje na sabuni yako," Haja akamwambia.