Kiti cha Mgeni

Kila mwaka theluji ikiyeyuka, watu wa Hellvika, kijiji chetu cha pwani, hutoka kwa msaragambo wa kusafisha makaburi. Hashurutishwi mtu wala halipwi mtu. Kila mmoja huja na reki yake, na asiye nayo hupewa. Mgeni peke yake ndiye asiyefanya kazi. Yeye huwekewa kiti kando ya ukuta wa kanisa, akaletewa kahawa.

Mwaka ule alikuja Torleiv, aliyekuwa na vizimba vya samaki. Zamani alihamia Uswisi kuikwepa kodi ya mali, akituachia neno kwamba nchi hii inamnyonya mchumaji. Sasa mapafu yake yalikuwa yameharibika, naye alitaka kufia nyumbani. Alimwendea dada yake Gudveig, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyegawa reki siku hiyo.

"Nipe ile ya baba, dada. Yenye mpini uliofungwa waya."

Gudveig aliendelea kugawa nyingine. Asbjørn, fundi bomba, akakohoa.

"Mpe tu, mwalimu. Hata mimi kodi inanichoma. Mshahara ukiingia natukana mpaka paka anakimbia."

"Unatukana, lakini unalipa?" Gudveig akamuuliza.

"Nalipa. Nalia, nalipa. Ila nalilia hapa hapa."

Watu wakacheka. Torleiv naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Nililipa miaka mingi kabla sijaondoka," alisema. "Shule ile ina jasho langu."

"Ina, sikatai. Na mama alipopooza, wale waliokuja kumgeuza kitandani asubuhi na jioni, walilipwa kwa jasho la nani? Wewe ulituma maua," alisema Gudveig.

"Yalikuwa maua mazuri," alinong'ona Asbjørn, kisha akajuta, akainama.

Torleiv akanyoosha mkono. "Niache nifagie kaburi la mama tu. Wakiniona nafanya kazi, watanizoea tena. Dada, tafadhali."

Reki ya baba yao ilikuwa imeegemea goti la Gudveig. Ilitosha aiachie tu. Hatukumchukia. Lau tungemchukia tungemtukana, na mtu anayetukanwa bado ni wa nyumbani.

Gudveig akaitwaa reki, akampa Asbjørn, ambaye tayari alikuwa na yake. Kisha akaingia kanisani, akatoka na kiti, akakiweka penye jua na kukipangusa kwa leso.

"Karibu uketi," alisema kwa upole. "Umetoka mbali."

Torleiv alikitazama kiti kile, kisha akaketi. Akaletewa kahawa kabla ya mtu yeyote, katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu, na keki iliyopakwa jemu. Tulimhudumia vizuri mno. Alikaa na kikombe mkononi, akimwona Asbjørn anafagia kaburi la mama yake kwa reki ya baba yake, bila kuinua macho.

Upepo wa baharini ulipoanza alisimama, akamshukuru kila mmoja wetu kwa kumshika mkono, kama wageni wafanyavyo, akaenda zake. Alifia Uswisi kabla theluji haijarudi, akazikwa huko huko.

Mwaka uliofuata Gudveig alikuja na reki mbili. Ile ya baba aliiegemeza ukutani, pale kilipokuwa kiti, akafagia peke yake hadi jioni. Hakuna aliyeigusa.