Mvua ya Chumbani

Cherehani alifika kwao asubuhi, saa ya kuanika nguo, akalazimika kuinama ili apite. Ua mzima ulikuwa umejaa kamba, na kila kamba imebeba mashuka meupe ya hospitali, mengine bado yakichuruzika. Aliburuta sanduku lake katikati ya mashuka hayo, akiyasogeza kwa kiganja, mpaka akatokea mbele ya dada yake mkubwa, aliyekuwa amesimama juu ya kreti la soda, vibanio vya nguo vimemjaa mdomoni.

Hakuwa amemwambia mtu kwamba anakuja. Kila alipotaja safari, dada alimshauri asubiri kidogo: mara nyumba inapakwa rangi, mara barabara imeharibika, mara hali si nzuri. Safari hii alikata tiketi kimyakimya ili awafurahishe.

Dada alitema vibanio, akashuka, akamkumbatia mpaka mbavu zikauma. "Mdogo wangu! Jamani, mdogo wangu!" Machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini kidevu kikiwa begani kwa mdogo wake, macho yalikuwa kwenye bomba nene lililotoka ukutani na kuingia katika matangi. Bomba lilikuwa likimwaga maji. Likapunguza, likabaki na matone, kisha likakauka.

"Imekata," alisema shemeji, mume wa dada, kutoka kwenye matangi. Aliisema kama mtu anavyosema umeme umekatika.

Jina la Cherehani alipewa na baba yake utotoni, kwa sababu akianza kusema alikuwa hakomi. Ughaibuni jina hilo halikuwa na kazi. Aliajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wengine, na kwa kuwa wengi wao hawakusikia vizuri, naye alizoea kunyamaza. Kilichomshikilia kule ni simu ya dada. Ilikuja kila Ijumaa, bila kukosa. Dada alimsimulia habari za mtaa, mlango wa mbele unavyolia siku hizi, baba alivyokohoa, baba alivyomtaja. Cherehani alisikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma za jengo, akilia mpaka aproni ikalowa, kisha akarudi ndani kubadilisha mashuka ya wazee. Hata baba alipofariki, ni simu hiyo iliyomfikishia habari, maziko yakiwa yamekwisha.

Walipomaliza kunywa chai aliomba kwenda chumbani kwake kupumzika. Dada na shemeji wakatazamana.

"Chumba chako tumekifanyia marekebisho kidogo," alisema shemeji, akachukua ufunguo.

Kitanda hakikuwepo, wala kabati, wala pazia. Sakafu ilikuwa ya vigae, imeteremshwa kuelekea kwenye tundu lenye wavu, na kuta zimepakwa rangi ile ya mabwawa ya kuogelea. Juu, chini kidogo ya dari, mabaki ya wingu la kijivu yalikuwa yakitawanyika taratibu. Chumba kilinuka udongo uliolowa, ingawa hakikuwa na udongo.

"Ilianza wiki ile ile uliyoondoka," dada alieleza. "Tukadhani bati limetoboka. Fundi akapanda, akashuka, akasema bati ni zima na juu kukavu, hii mvua ni ya ndani, na yeye mvua za ndani si kazi yake. Akanywa chai akaenda zake."

"Na kitanda changu?" aliuliza Cherehani.

"Kilioza. Kizuri kile, lakini kilioza."

Cherehani alitikisa kichwa, kwa kuwa alikipenda kitanda kile. Mabomba ya mji wao yalikuwa yamekauka tangu zamani, na watu walibaki wakiyatumia kuanikia matambara. Mvua ya chumbani ilikuwa nzuri, laini, isiyo na chumvi. Mwanzoni familia iliikinga kwa sufuria. Baadaye shemeji akachonga njia ya maji, akaleta matangi, dada akafungua kazi ya udobi: hospitali, hoteli mbili tatu, sare za shule. Majirani walichota kwenye bomba la ukutani. Ghorofa ya juu ilijengwa, na sebule ikapata makochi ambayo watu waliogopa kuyakalia.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Cherehani alizunguka mtaa mzima akisalimia. Kila mtu alimkaribisha kwa mikono miwili na kila mtu alimuuliza umekuja lini, na kabla hajamaliza kujibu, unaondoka lini. Alicheka. Ni maswali ambayo kila anayetoka mbali huulizwa.

"Nafikiri siondoki," alimjibu fundi viatu wa pale kona, aliyemjua tangu akitembea peku. "Nimechoka kule, mzee wangu. Nimerudi kwetu."

Fundi viatu alipigilia msumari mmoja kwenye soli, akaupigilia tena ingawa ulikuwa umeshaingia. "Aha," akasema. "Ni vizuri pia."

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Matangi yalianza kulia utupu. Mashuka yalirundikana ukumbini mpaka yakafika kwenye swichi ya taa, na wafuaji wakakaa uani wakiongea kwa sauti za chini kama watu walio kwa mgonjwa. Hakuna aliyemnunia. Walimpa kiti, wakampa kipande kikubwa cha mkate, wakamwita mgeni wetu.

Aliyemwambia ukweli ni mpiga pasi, mama mtu mzima mwenye alama za kuungua mikononi, na alimwambia kwa nia njema kabisa. Cherehani alikuwa amekaa naye katika chumba cha pasi, akimkunjia foronya.

"Mwanangu, hebu nikuulize," alisema mama yule. "Wewe kinachokuuma hasa ni kipi? Maana dada yako akikutajia mlango wa mbele kwenye simu, tunapata mvua ya kawaida. Akitaja mtaa, manyunyu. Lakini akikutajia kikohozi cha baba, tangi linafurika hajakata hata simu. Ijumaa tulikuwa tunamwambia, leo mashuka ni mengi, leo mtajie kikohozi."

Cherehani aliendelea kukunja. Alikunja foronya moja ikawa ndogo kama leso, akaikunja tena.

"Na kwenye ugonjwa wa baba?"

"Hapo ndipo iliponyesha," alisema mpiga pasi kwa heshima, akageuza kola. "Marehemu alikuulizia sana. Lakini ndiyo hivyo, ungekuja ingekata."

Cherehani alimkuta dada jikoni, akiosha vyombo kwa kikombe kimoja cha maji. Alisimama mlangoni mpaka dada akageuka.

"Baba alikuwa ananiulizia."

Dada aliweka sahani chini. "Nani amekwambia?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umenyimwa ruhusa kazini."

"Naye?"

"Akasema basi, msimsumbue mtoto." Dada alifuta mikono kwenye gauni, ingawa haikuwa na maji. "Usinitazame hivyo. Baba mwenyewe aliipenda ile mvua kuliko sisi sote. Jioni alikuwa anabeba kigoda na mwavuli, anaingia chumbani kwako anakaa humo. Anasema anakwenda kukaa na Cherehani. Ukimwambia mzee, utaugua, anasema hii hainidhuru, hii ni ya nyumbani. Mwavuli wenyewe alikuwa haufungui."

"Kikohozi," alisema Cherehani.

"Ndipo alipokipatia."

"Kile ulichokuwa unanitajia."

"Ndicho hicho."

Nje, mtu aligonga tangi kwa kijiti kusikiliza kama lina kitu. Halikuwa na kitu.

"Umenifanya kisima, dada."

"Kisima hakipigiwi simu kila Ijumaa," dada akajibu haraka. "Sijawahi kukudanganya neno hata moja kwenye simu zile. Mlango ulikuwa unalia kweli. Baba alikuwa anakutaja kweli. Nilikuwa nakupenda, na nilikuwa na mashuka ya hospitali. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Cherehani alitafuta jibu. Zamani angepata mengi kwa mpigo. Sasa alisema tu, "Ningekuita," akatoka.

Tangu siku hiyo alihamia chumbani kwake. Alitandika mkeka juu ya vigae, karibu na lile tundu la maji, akalala humo kukavu kabisa. Dada alimletea shuka. Shemeji alimletea feni na kumuonyesha inavyowashwa.

Watu wa mtaa walikuja siku ya mapumziko, wamevaa vizuri, wakakaa kwenye makochi yale yale ya kuogopwa. Fundi viatu alikuwepo, na muuguzi wa hospitali, na mwalimu mkuu. Waliulizia afya yake, usingizi wake, hali ya hewa ya kule. Muuguzi alisema wagonjwa sasa wanalalia magodoro matupu, na kwamba alfajiri hiyo amezalisha kwa maji ya chupa. Hakusema kwa kulalamika.

"Hatukufukuzi, mwanangu," alisema fundi viatu. "Nani atamfukuza mtoto kwao? Tunauliza tarehe tu."

"Na nyote mlijua?" aliuliza Cherehani. "Baba aliponiulizia?"

Wakatazama viatu vyao. Vilikuwa vimeng'arishwa, kwa sababu rangi ya viatu haihitaji maji. Mwalimu mkuu akasema, kwa ile sauti anayoitumia kufunga shule, kwamba baba yake alikuwa mtu wa watu, na watu wote walimzika. Yeye mwenyewe alishika jeneza upande wa kushoto.

Cherehani aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa akiwakumbuka wote, kila mwaka, kwa majina na kwa vicheko vyao. Alihesabu nani kati yao angeweza kunyanyua simu akamwambia njoo, akaona kwamba ni wote.

"Kesho kutwa," akasema.

Walishukuru. Muuguzi alimbusu mkono.

Dada alimfulia nguo za safari kwa maji ya mwisho ya ndoo ya jikoni, akazipiga pasi mwenyewe, akazipanga sandukuni moja moja kama nguo za mtoto anayekwenda shule ya bweni. Asubuhi ya kuondoka walikumbatiana tena, na dada akalia tena, na kilio chake kilikuwa cha kweli kama cha kwanza. Shemeji alipakia sanduku kwenye teksi. Mtaa mzima ulitoka kumuaga. Walipunga mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa umeshika ndoo.

Ndani ya teksi Cherehani alijiapiza kwamba hatamkumbuka yeyote. Alipanga hasira yake vizuri: jeneza na upande wake wa kushoto, ruhusa ya kazini, zile Ijumaa zote. Alikaa wima katikati ya kiti, hakutazama dirisha la huku wala la huku. Alidhani anaweza. Walipofika barabara kuu, simu ikaita, na aliiacha iite kwa muda kabla hajaipokea.

"Mdogo wangu," alisema dada.

"Nini?"

"Hakuna. Nilitaka kukwambia imeanza."

"Kubwa?"

"Rasharasha tu." Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile laini ya Ijumaa. "Hivi unakumbuka baba alivyokuwa akikufunga kamba za viatu, pale kizingitini, ukienda shule?"

Cherehani alijua vizuri kabisa sauti ile inatafuta nini. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kukatia. Dereva akamtazama kwenye kioo, akarudisha macho barabarani.

"Alikuwa anazifunga mara mbili," Cherehani akasema, na kule nyuma ya sauti ya dada mtu akaitisha ndoo nyingine.